Goma: Samani zenye akili katika nyumba yenye wageni, ufunguo ukae kwa nani?

Jioni, katika nyumba nyingi za Ndosho, Katoyi, Majengo na Mugunga, mjini Goma, kazi ya kwanza kiisha kula ni kuhamisha meza ya saloni. Meza inapandishwa juu ya kanape, viti vinapangwa kimoja juu ya kingine karibu na ukuta wa mbao, mkeka unatandikwa chini, godoro linatolewa nyuma ya kabati. Hapo ndipo wageni wanalala: mama na watoto wake, shemeji, mpwa aliyekuja kusoma, jamaa waliotoka Masisi ama Rutshuru na ambao hawajui bado watarudi siku gani. Asubuhi mapema kila kitu kinarudishwa mahali pake, kwani watoto wa nyumba wanapita hapo kwenda masomoni na mwenye nyumba anaweza kupokea watu wakati wowote.

Mambo hayo ya meza na godoro yanaonekana kama si habari. Lakini mbali na Goma kuna makampuni makubwa yanayotumia pesa nyingi kutafuta jibu la swali lile lile: namna gani watu wengi wanaweza kutumia chumba kimoja bila kusongana. Jibu lao ni samani zenye akili, yaani vyombo vya nyumba vyenye umeme ndani yake na vinavyozungumza na simu ya mwenyewe. Mwaka 2015 kampuni ya IKEA, ya Uswidi, ilianza kuuza meza na taa zinazochaji simu bila waya. Mtu anaiweka simu juu ya mbao, inajaa. Mwaka 2019 kampuni hiyo, pamoja na Ori ya Marekani, ilitangaza kabati linalotembea lenyewe kwa mota. Mchana linasogea pembeni na kuacha saloni wazi, usiku linatoa kitanda. Lilikusudiwa kwanza kwa miji ambamo nyumba ni finyu, kama Hong Kong.

Upande wa wageni, kampuni inayojulikana zaidi ni Airbnb. Mwanzo wake unachekesha mtu wa Goma. Oktoba 2007, mjini San Francisco, vijana wawili walioshindwa kulipa kodi ya nyumba walitandika magodoro ya upepo katika saloni yao na kupokea wageni watatu. Ni Ndosho kabisa, isipokuwa wageni wale walilipa.

Tangu hapo nyumba za namna hiyo zimejaa vyombo vya kuunganishwa na intaneti: kufuli inayofunguliwa kwa simu, taa, spika, kipimo cha joto, kipimo cha makelele. Inafaa kutazama nani anashika nini. Mwenyeji ndiye ana programu ndani ya simu yake. Akiwa mji mwingine anajua mlango umefunguliwa saa ngapi, anajua kama saloni ina makelele, anaweza kubadilisha namba za kufuli. Mgeni anapewa namba za kubonyeza, na namba hizo zinakufa siku yake ya kuondoka. Hata kamera ndani ya nyumba zilikubaliwa kwa miaka mingi katika sehemu za wote kama saloni, mradi mwenyeji aseme mapema. Ni Machi 2024 tu ndipo Airbnb ilitangaza kuzikataza kamera za ndani duniani kote, kuanzia tarehe 30 Aprili mwaka huo. Vipimo vya makelele bado vinakubaliwa, kwa masharti.

Agosti 2017 kampuni moja ya Marekani ilituma programu mpya katika kufuli zake kupitia intaneti. Kufuli kama 500 zikafa siku hiyo, nyingi zikiwa katika nyumba za kupokea wageni. Fundi hakuweza kuzitengeneza akiwa mbali; wenyewe waliambiwa wazifungue mlangoni na kuzirudisha kwa posta. Mwenye ufunguo wa chuma hakupata shida hiyo.

Basi, kama kuna kijana wa Goma anayesoma elektronike, ama fundi wa mbao, ama shirika linalotaka kuleta samani zenye akili katika nyumba zenye wageni hapa, asinakili mafikiri hayo. Samani hizo zimetengenezwa ili mwenyeji amchunge mgeni. Hapa mgeni si mtalii wa siku tatu. Na mwenyeji wa leo anaweza kuwa mgeni kesho.

Hilo si maneno ya kanisani tu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye viongozi waliamuru wakaaji wa kata 10 kati ya 18 za mji wa Goma wahame haraka. Watu wengi sana walishika njia ya Sake. Katika nyumba za Sake, watu wa Goma walilala chini saloni, wakaomba maji, wakaomba nafasi ya kuchaji simu. Februari 2024 vita vikakaribia Sake, na barabara ile ile ikajaa watu wa Sake wakija Goma, godoro kichwani, bidoni mkononi. Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma ukaangukia mikononi mwa M23, na Februari kambi zilizouzunguka mji zikabomolewa. Wengine walirudi vijijini, wengine wakaingia katika nyumba za jamaa na marafiki. Kwa ujumla, hata kabla ya hapo, sehemu kubwa ya waliokimbia vita mashariki mwa Kongo hawakuishi kambini. Waliishi kwa watu. Hema inaonekana kwa kamera ya wageni wa kimataifa. Mama anayelisha watu kumi na wanne katika nyumba ya vyumba viwili haonekani.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu umpe jembe. Walisema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Misemo hiyo miwili inagombana, na inagombana kila siku katika nyumba hizo. Siku ya tatu imepita zamani, na jembe halina shamba la kulima juu ya mawe ya volkano.

Ugomvi wenyewe hauanzi na chakula, kama watu wanavyofikiri. Chakula kinazungumzwa wazi: kipo ama hakipo. Unaanza na prizi.

Goma ina SNEL, na ina makampuni ya binafsi kama Virunga Energies, inayoleta umeme wa maji kutoka Matebe, Rutshuru, kituo kilichozinduliwa mwisho wa 2015, na Nuru, yenye kituo cha umeme wa jua tangu 2020. Nyumba nyingi zinalipa umeme mbele kwa mita, ile inayoitwa kashpawa. Mwenye nyumba ananunua yuniti, anaandika namba, anaona yuniti zinashuka. Anapoona zimeshuka haraka kuliko wiki iliyopita, jicho lake linakwenda kwenye ralonji ambako simu sita zimechomekwa, nne kati yake za wageni. Hasemi kitu siku hiyo. Kesho yake prizi imefunikwa na kabati. Keshokutwa mgeni anatafuta duka la kuchajia simu barabarani, analipa franga zake chache, na katika nyumba kuna baridi isiyotokana na mvua.

Sasa hesabu. Simu ya kawaida yenye betri ya 5.000 mAh inahitaji umeme wa saa-wati kama 20 ili ijae. Ukiongeza unaopotea njiani, tuseme 25. Yuniti moja ya mita ni saa-wati 1.000. Maana yake yuniti moja inajaza simu kama 40. Resho ya umeme ya wati 1.000 inamaliza yuniti hiyo hiyo kwa saa moja. Pasi ya nguo iko katika jamii hiyo ya walaji. Simu nne za wageni, zikichajiwa kila siku, zinachukua siku kumi kumaliza yuniti moja. Mgeni amelaumiwa kwa dhambi ya resho.

Hapo ndipo chombo chenye akili kinaweza kuokoa kitu. Ralonji yenye kipimo kidogo cha umeme ikiwekwa ndani ya benchi ama meza ya saloni, na namba zake zikionekana na kila mtu anayekaa hapo, mama mwenye nyumba na mgeni wanasoma namba moja. Si kipimo kinachotuma habari kwa simu ya baba wa nyumba peke yake. Habari ikikaa kwa mtu mmoja inakuwa fimbo. Ikikaa mezani, mbele ya watoto na bibi, inakuwa hesabu tu, na hesabu haina shemeji wala mgeni. Bei ya kipimo cha namna hiyo si kubwa. Vinauzwa katika maduka ya vifaa vya elektronike na vijana wanaotengeneza simu wanavijua.

Jambo la pili ni sanduku, na hili ni zito zaidi kuliko umeme.

Mgeni aliyekimbia ana vitu vichache, lakini ni vitu vyenye maisha yake yote. Kadi ya uchaguzi, ambayo katika Kongo imefanya kazi ya kitambulisho kwa miaka mingi na ambayo inaulizwa kwenye barieri. Diploma ya mtoto. Karatasi ya shamba. Dawa ambazo hataki watu wajue anazinywa. Na simu, ambayo ndiyo benki yake, zaidi tangu mabenki ya Goma yalipofunga milango Januari 2025 na pesa zikabaki kupita kwa Airtel Money, M-Pesa na Orange Money. Vitu hivyo vyote vinalala katika mfuko wa plastiki chini ya kichwa chake, saloni, mahali ambapo watoto wa nyumba, majirani na wauza maziwa wanapita. Akienda kisimani ama kutafuta kibarua anauacha mfuko huo nyuma ya kanape na kuomba Mungu.

Kuna wanaosema kwamba kumpa mgeni sanduku lenye kadena ni kuingiza mashaka ndani ya nyumba. Kwamba katika desturi za huku mgeni anayefunga vitu vyake anamwita mwenyeji mwizi. Hoja hiyo inasikika vizuri mdomoni mwa mwenye kabati lenye ufunguo. Ukweli wa nyumba hizo uko kinyume. Franga 5.000 zikipotea, nani anatazamwa wa kwanza? Mgeni. Mtoto wa nyumba akichukua kadi ya mgeni kuchezea na ikaraka, nani anaona haya kusema? Mgeni. Mahali ambapo hakuna hata kitu kimoja kinachofungwa, kila kinachopotea kina mshitakiwa tayari. Kadena inamlinda mgeni asiibiwe, na inamlinda pia asiitwe mwizi, kwani naye haingii katika vya mwenyeji. Wanawake wanaoishi saloni za watu wanajua pia kwamba ufunguo huo una kazi nyingine: pesa ya mama isiyofikiwa na mume wake mwenyewe.

Na ufunguo huo ukae kwa mgeni. Usiwepo wa pili kwa mwenye nyumba, usiwepo wa tatu katika ofisi ya shirika. Kufuli ya simu haifai hapa hata kidogo: simu inazimika, inaibiwa, intaneti inakatwa, na mtu mwenye namba anaweza kufungua bila mwenyewe kujua. Akili ya chombo, mara nyingine, ni kukubali kubaki na chuma.

Kuna sababu nyingine ya kuogopa samani zinazozungumza. Katika mji ulioshikwa na vita, idadi ya watu wanaolala katika nyumba ni siri nzito. Kitanda kinachohesabu usingizi, taa inayojua kama chumba kina mtu, mlango unaoandika saa ya kuingia na kutoka: katika Hong Kong ama San Francisco vinasaidia mtu kulipa umeme kidogo. Katika Goma vinaweza kumwambia mtu mwenye bunduki kwamba katika nyumba hii wanalala vijana watatu ambao hawako kwenye daftari. Kiongozi wa nyumba kumi akitaka kujua wageni, anabisha hodi na kuuliza. Mwenye nyumba anamtazama usoni na kuchagua jibu. Chombo hakichagui jibu. Kila mradi wa samani utakaoletwa hapa na unaotuma habari nje ya nyumba, hata kwa nia nzuri, hata kwa ajili ya takwimu za msaada, unapaswa kukataliwa mlangoni. Vipimo vibaki ndani ya mbao. Kikizimwa, kisahau.

Halafu moto. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, zimeshikana, na kila mkaaji amekwisha kuona mtaa ukiungua kwa sababu ya makala, mshumaa ama waya mbovu. Kuweka betri ndani ya kitanda ambamo watoto wanalala si mchezo. Betri ya gari, ile ambayo watu wanaitumia na paneli za jua, ina asidi, na inapochajiwa inatoa hewa inayoweza kuwaka. Isiingie katika chumba cha kulala, sembuse chini ya godoro. Betri za simu zilizookotwa na kuunganishwa na vijana ni hatari zaidi. Zinazofaa ni za lithiamu na fosfati ya chuma, ambazo haziwaki kirahisi na zinavumilia kuchajiwa mara nyingi sana kabla ya kuchoka. Kumbe betri hizo hazina kobalti hata chembe. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, kutoka Lualaba na Katanga ya Juu, na betri inayofaa nyumba ya mbao ya Goma ni ile isiyoihitaji. Hata hiyo nzuri iwekwe ndani ya kasha la chuma, pembeni ya benchi, upande wa ukuta wa nje, na iwe na waya mwembamba wa usalama unaokatika umeme ukizidi.

Kwa hiyo chombo chenyewe kingekuwa namna gani? Hakuna haja ya mota wala kabati linalotembea. Goma ni mji wa chukudu. Watu walichukua mbao ngumu, wakaweka magurudumu mawili na kipande cha raba, wakapata chombo kinachobeba magunia kutoka milimani bila tone moja la mafuta, mpaka mji ukakijengea sanamu. Mafundi wanaoranda mbao kando ya barabara za Katindo na Birere, ama wale wa Butembo wanaopata libuyu kutoka upande wa Ituri, hawahitaji kufundishwa kutengeneza benchi.

Benchi ndefu basi, ya saloni, yenye mgongo unaoshuka na kuwa kitanda, ili mgeni asilale chini kwenye baridi ya mawe. Ndani yake nafasi ya kuweka godoro mchana. Meza isipandishwe tena juu ya kanape. Kwenye mkono wa benchi, tundu nne za USB na kipimo kinachoonekana. Paneli ndogo ya wati 30 juu ya bati: ikipata jua zuri la saa nne inajaza simu tatu na kubakisha umeme wa ampuli ndogo. Siku za mvua itatoa kidogo, na ndiyo maana benchi iweze pia kuchukua umeme wa kashpawa, kwa hesabu inayoonekana.

Ampuli hiyo ndogo isidharauliwe. Choo kiko nje, mwisho wa parseli. Msichana anayelala saloni ya watu, akitaka kutoka usiku, anachagua kati ya kuamsha nyumba nzima na kutembea gizani. Wengi wanachagua kutotoka mpaka asubuhi. Taa inayochomolewa kwenye benchi na kubebwa mkononi, na rido inayofungwa kutoka mgongo wa benchi hadi ukutani ili abadilishe nguo bila kutazamwa, hivyo viwili peke yake vinaweza kubadilisha usiku wake kuliko programu yoyote ya simu. Rido si elektronike. Mafundi wa samani zenye akili huwa wanasahau vitu visivyo elektronike.

Na chini ya benchi, sanduku la mgeni. Hapa kuna swali ambalo mashirika hayapendi: siku mgeni anaondoka, chombo ni cha nani? Kikiwa cha mgeni, mwenyeji amekaa na watu mwaka mzima, ukuta umechakaa, choo kimejaa, na anabaki na nafasi tupu. Kikiwa cha mwenyeji, mgeni anarudi kijijini mikono mitupu, ama mbaya zaidi, anafukuzwa haraka kwa sababu kitu kizuri kimekwisha kufika. Jibu liwe ndani ya mbao zenyewe. Benchi ni ya mwenyeji tangu siku ya kwanza, na karatasi iseme hivyo. Sanduku ni la mgeni tangu siku ya kwanza. Litengenezwe kwa tripleksi nyepesi, lenye mishikio miwili, kadena yake, na taa yake ndani, lenye kipimo cha kubebwa na mtu mmoja ama kufungwa juu ya moto ama chukudu. Watu wa Sake na wa Goma wote wamekimbia na godoro kichwani. Wanajua kitu kisichobebeka kinaachwa barabarani.

Watasema hizo ni anasa, watu wana njaa. Ni kweli watu wana njaa. Lakini mashirika yanagawa tayari mikeka, blanketi, sufuria na bidoni, na karibu kila mara yanamgawia mgeni mbele ya macho ya mwenyeji ambaye hakupata kitu. Blanketi la msaada limezaa wivu katika nyumba nyingi kuliko lilivyoleta joto. Sehemu ya pesa hizo ikiagiza benchi kwa mafundi wa hapa, pesa zinabaki mjini, mbao zinalipwa, fundi analisha wageni wake mwenyewe, kwani naye anao. Na mwenyeji, kwa mara ya kwanza, anapata jina katika orodha.

Pia kuna hatari ya upande wa pili, na isifichwe. Chombo kizuri kinaweza kuwa kisingizio cha viongozi na wafadhili kusema kwamba watu wamepangwa vizuri kwa jamaa, hakuna haraka ya kurudisha usalama vijijini. Benchi haileti amani Masisi. Mgeni hataki kitanda bora saloni ya mtu. Anataka mlango wake. Yeyote atakayeleta samani hizi akisema zinamaliza tatizo la waliokimbia, asisikilizwe.

Kabla ya kukata mbao ya kwanza, kuna kazi ya kuuliza, na hapo ndipo miradi mingi inaharibika. Wakaguzi wanakuja asubuhi, wanakaa saloni, wanauliza mwenye nyumba na wageni wake pamoja. Mgeni anajibu nini mbele ya mtu anayempa paa? Anasema kila kitu kiko sawa, Mungu asifiwe. Mwenyeji anajibu nini mbele ya shemeji yake? Anasema ni ndugu, hakuna tatizo. Wanaandika, wanakwenda. Waulizwe kila mmoja peke yake, mwanamke aulizwe na mwanamke, nje, karibu na kisima ama njiani kwenda sokoni. Mgeni aulizwe: usiku ukitaka kutoka unafanya nini, na kadi yako iko wapi sasa hivi? Mwenyeji aulizwe: ni kitu gani cha nyumba hii hujakitumia tangu wamefika? Na fundi wa mbao awepo, na mita yake ya kupimia, kwa sababu saloni nyingi za Katoyi hazifiki mita tatu kwa upana, na benchi iliyochorwa ofisini haitapita mlangoni.